Nani Amekalia Nambari Tano?

Mjomba wangu alikuwa na daftari la jalada la buluu, lile la kurasa tisini na sita ambalo kila mtoto wa shule ya msingi analijua. Lilining'inia kwa uzi kando ya meza yake ya kutengeneza kompyuta, orofa ya pili ya jumba moja karibu na Luthuli Avenue, Nairobi. Mwaka ulikuwa 2002. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kazi yangu ilikuwa kupuliza vumbi na kutumwa chai.

Kila mashine iliyopita mezani ilipewa ukurasa wake. Juu aliandika jina la mwenyewe. Chini yake safu ya nambari: 3, 4, 5, 7, 9, 10, 11. Mbele ya kila nambari neno moja: modemu, printa, sauti. Mbele ya nyingine, alama ya kuuliza.

"Mjomba, hizi ni bei?"

"Bei gani? Hivyo ni viti. Kila kitu ndani ya kompyuta lazima kiwe na kiti chake. Wawili wakikalia kimoja, gari haliondoki."

Hiyo ilikuwa kabla ya sheria za Michuki, wakati abiria wa nne alikaa kwenye ubao wa sambaza na gari likaondoka vizuri tu, kwa hivyo sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa siku ile mama mmoja mwenye cyber alipoingia akiwa amebeba CPU mikononi kama mtoto mgonjwa.

"Fundi, hii kitu itanifilisi," alisema. "Mteja anaingia kwenye intaneti vizuri. Akishika kipanya tu, laini inakatika. Nimeambiwa ninunue mashine mpya."

Mjomba hakufungua hata skurubu kwanza. Alifungua daftari. "Mama, kipanya chako kiko COM1, modemu iko COM3. Wote wawili wamekalia nambari nne." Kisha akatoa kadi ya modemu, akachomoa kipande cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele, akakihamishia pini za jirani, akaingia kwenye BIOS na kuzima COM2 ya mazabodi ili modemu ikae pale. Dakika kumi na tano. Mama aliondoka na mashine ile ile, na mteja wake wa kwanza jioni hiyo angeweza kushika kipanya bila kukata simu.

Leo unachomeka flashi na mashine yenyewe inasema "nimeiona". Hakuna anayekuuliza nambari. Vijana wengi wanaosoma ukurasa huu hawajawahi kugusa jampa maishani, na hawana haja. Lakini lile daftari halikupotea. Lilihama. Lilitoka kwenye uzi wa mjomba likaingia ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ile programu inayosimama kati ya maunzi na kila programu nyingine. Safari hiyo ilichukua karibu miaka ishirini, na njiani kulikuwa na vita vya biashara, aibu ya hadharani, na watu wachache walioandika msimbo bila kuombwa na mtu.

Viti kumi na tano

Tuanze na viti. IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwaka 1981, prosesa yake ilikuwa kama karani mmoja kwenye kaunta ndefu. Kibodi ikibonyezwa, diski ikimaliza kusoma, printa ikiisha karatasi, kila mmoja anataka kusikizwa. Karani hawezi kuzunguka akiuliza kila mtu kila sekunde. Kwa hivyo kila kifaa kilipewa waya wa kumkatiza: ukiwa na jambo, vuta waya, nitaacha ninachofanya nije kwako. Nyaya hizo ndizo IRQ. Chipu moja iliyoitwa 8259 ilizisimamia, na ilikuwa na nafasi nane.

Mwaka 1984 IBM ilileta modeli ya AT na kuongeza chipu ya pili. Nane na nane ni kumi na sita, ila nafasi moja ilitumika kuunganisha chipu hizo mbili. Zikabaki kumi na tano. Sasa hesabu: 0 ni ya saa ya mfumo, 1 ya kibodi, 3 na 4 za poti za COM, 6 ya diski laini, 7 ya printa, 8 ya saa ya betri, 12 ya kipanya cha PS/2, 13 ya kikokotoo, 14 na 15 za diski kuu. Ukiondoa hao wenye nyumba, wageni waligombania 5, 9, 10 na 11. Kadi ya sauti, kadi ya mtandao, kadi ya skana, wote wakipiga foleni kwenye viti vinne.

Tatizo kubwa lilikuwa kwamba kwenye njia ya ISA, ile mistari ya sloti nyeusi ndefu, waya mmoja haukuweza kutumiwa na kadi mbili kwa usalama. Poti za COM zilikuwa nne lakini viti viwili tu: COM1 na COM3 zilikaa nambari nne, COM2 na COM4 nambari tatu. Ukitumia moja kwa wakati, sawa. Ukizitumia pamoja, ndiyo yale ya mama wa cyber.

Na IRQ ilikuwa nusu ya kazi. Kulikuwa pia na anwani za poti, na njia za DMA za kupitishia data bila kumsumbua prosesa. Waliocheza michezo ya DOS enzi hizo wanaikumbuka Sound Blaster kwa namba zake kama unavyokumbuka namba ya simu ya nyumbani: 220, 5, 1. Mchezo ulikuuliza. Usipojua, ulicheza kimya.

Nani alijua? Fundi alijua. Kompyuta yenyewe haikujua. Kadi haikuwa na njia ya kusema mimi ni nani, na kerneli haikuwa na njia ya kuuliza. Ujuzi wote ulikaa kwenye kichwa cha mtu na kwenye daftari lake.

Aliyejenga ukuta

Watu hawakukaa tu wakiteseka. Mwaka 1987 IBM ilitoa kompyuta za PS/2 zenye njia mpya iliyoitwa Micro Channel. Hapo jampa ziliondoka. Kila kadi ilikuwa na namba ya utambulisho, na ilikuja na diski laini yenye faili la maelezo: naweza kukaa hapa, au hapa, au pale. Programu ya usanidi ilisoma mafaili hayo na kugawa viti. Mwaka huo huo Apple ilitoa Macintosh II yenye njia ya NuBus, ambako kadi ilijitambulisha yenyewe. Amiga nayo ilikuwa na mpango wake wa AutoConfig. Kwa hiyo wazo la kuchomeka na kutumia lilikuwepo mapema, na lilifanya kazi.

Mbona basi mjomba wangu bado alikuwa na daftari miaka kumi na tano baadaye?

Kwa sababu IBM iliweka lango. ISA ya zamani mtu yeyote aliweza kuitengenezea kadi, na ndiyo maana soko lilijaa mashine za bei nafuu. Micro Channel ilitaka leseni na ada. Halafu kadi zako za zamani hazikuingia kwenye sloti zake. Mwaka 1988 kampuni tisa zikiongozwa na Compaq zilijibu kwa kutangaza njia yao, EISA, iliyopokea pia kadi za zamani. EISA ikakaa kwenye seva za bei ghali. Watu wa kawaida walibaki na ISA, jampa na yote, kwa sababu ilikuwa rahisi na ilikuwa huru.

Hili nalipenda kuwakumbusha marafiki zangu wanaoandika programu. Teknolojia bora ilishindwa na teknolojia iliyo wazi. Watu waliona afadhali kuhesabu viti kwa mkono kuliko kulipa kiingilio.

Mnada wa kimya

Mwaka 1993 Intel na Microsoft walitoa maelezo ya kiufundi ya Plug and Play kwa njia ya ISA. Kazi ilikuwa ngumu kwa namna ya kuchekesha. Fikiria umeingia chumba chenye giza. Ndani kuna watu, hujui wangapi, hujui majina yao, na wote wakisema kwa pamoja husikii kitu. Utawatambuaje mmoja mmoja?

Walivyofanya ni hivi. Kila kadi mpya ilichongewa utambulisho wa biti 72: biti 64 za jina na 8 za kuhakiki kwamba jina limesikika sawa. Programu inayotafuta inaanza kwa kuandika mfululizo maalumu wa baiti 32 kwenye poti 279. Poti hiyo ni ya kusoma hali ya printa, na kwa kawaida hakuna kitu kinachoandikwa pale, kwa hivyo kadi za zamani hazisumbuki. Kadi mpya zikisikia mfululizo ule, zinaamka.

Kisha mnada unaanza. Programu inasoma biti ya kwanza. Kadi yenye moja inajibu kwa kuweka 55 kisha AA kwenye njia. Kadi yenye sifuri inanyamaza na kusikiliza. Ikisikia mwingine amejibu, inajitoa na kusinzia hadi raundi nyingine. Biti ya pili, vile vile. Baada ya biti 72, chumbani amebaki mmoja tu, na amekwisha kutaja jina lake lote. Anapewa namba ya kiti chake cha mahojiano na kuwekwa kando. Mnada unarudiwa kwa waliobaki, hadi kimya kinapojibu.

Baada ya hapo kila kadi inahojiwa: unaweza kukaa wapi? Nayo inajibu kwa orodha. Mimi IRQ 5, au 7, au 9, au 10. Mwenye kugawa anapanga ili wasigongane.

Ni safu ile ile ya daftari la buluu, ila sasa kadi inajiandikia.

Chomeka na uombe

Lakini mgawaji ni nani? Hapo ndipo ugomvi. BIOS inaweza kugawa viti mashine inapowaka, kabla ya mfumo endeshi kuamka. Mfumo endeshi nao unataka kugawa, kwa sababu ndio unaojua draiva gani zipo. Mashine nyingi za miaka hiyo zilikuwa na swali kwenye ukurasa wa BIOS: je, mfumo endeshi wako ni wa Plug and Play? Ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo, BIOS iligawa vile vya lazima kwa kuwasha mashine na kuacha vingine vilale. Wakubwa wawili, shamba moja.

Windows 95 ilipotoka tarehe 24 Agosti 1995, kuchomeka na kutumia ndiyo ilikuwa moja ya ahadi zake kubwa. Ndani yake kulikuwa na msimamizi wa usanidi aliyejenga mti wa vifaa vyote na kuugawia rasilimali. Kifaa kikigongana na kingine, ulikiona kwenye orodha na alama ya mshangao ya manjano. Mara nyingi ilifanya kazi. Mara nyingine haikufanya, hasa kadi mpya ilipokaa jirani na kadi ya zamani yenye jampa, ile isiyosema jina wala kusikia mnada. Wazungumzaji wa Kiingereza wakabadilisha jina lake likawa chomeka na uombe.

Kisha ikaja Chicago, tarehe 20 Aprili 1998. Bill Gates yuko jukwaani kwenye maonyesho ya Comdex, akitangaza Windows 98. Mwenzake, Chris Capossela, anachomeka skana ya USB kuonyesha jinsi mashine inavyoitambua bila shida. Skrini inageuka buluu. Mfumo mzima umeanguka mbele ya umati na kamera. Gates alicheka na kusema kwa mzaha kwamba labda ndiyo sababu bado hawajaanza kuiuza.

Watu huitazama video ile ili kucheka. Mimi huiona kwa huruma kidogo. Mtu aliyetaka ujuzi wa mafundi wote uingie ndani ya kerneli alikuwa anajifunza hadharani kwamba fundi hubeba mambo mengi kuliko yanayoonekana. Fundi akikosea, modemu inakatika. Kerneli ikikosea, kila kitu kinakufa.

Alama ya reli

Mwaka 2003 mjomba alinipa mashine chakavu ya mazoezi, Pentium yenye kadi ya sauti ya ISA, na CD ya Linux aliyoazima kwa mteja. "Ukiifanya iimbe," aliniambia, "ni yako."

Linux ilikuwa imeanza mwaka 1991 kama mradi wa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, na kwa miaka mingi haikujua mnada wa kimya. Kwa hiyo mtu aitwaye Peter Fox aliandika programu za pembeni zilizoitwa isapnptools. Moja, pnpdump, iliendesha mnada na kukutolea faili refu la kila kiti kilichowezekana. Kila chaguo lilitanguliwa na alama ya reli, maana yake: hili limezimwa. Kazi yako ilikuwa kusoma mistari mamia, kuchagua, kufuta alama za reli mbele ya ulichochagua, na mwishoni kufuta ile iliyo mbele ya ACT Y, washa. Programu ya pili, isapnp, ilisoma faili hilo kila mashine ilipowaka na kuamsha kadi.

Lilikuwa daftari la mjomba likiwa limepigwa chapa. Bado mtu ndiye aliyechagua.

Nilichagua. Nikafuta reli. Nikawasha. Kimya.

Nilikaa na ukimya huo siku tatu. Sababu ilikuwa mpangilio. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejenga kerneli ya zamani, mfululizo wa 2.2, nikifuata maelekezo niliyochapishiwa. Ukiendesha `make menuconfig`, kila kipengele kinakuuliza: Y, M au N. Y ni kukijenga ndani ya kerneli yenyewe. M ni kukifanya moduli, kipande kinachopakiwa baadaye kikihitajika. N ni kukiacha. Kwa ushamba wangu niliona Y ni imara zaidi, nikaipa draiva ya sauti Y. Matokeo yake kerneli ilipoamka, draiva ilitafuta kadi mara moja, ikaikuta imelala, ikakata tamaa. Sekunde kadhaa baadaye isapnp ikaja na kuiamsha kadi. Kadi ikaamka kwenye nyumba ambayo mwenyeji amekwisha kuondoka.

Dawa ilikuwa M. Nikajenga upya, kwenye mashine ile ilichukua usiku mzima. Asubuhi kadi iliamshwa kwanza, moduli ikapakiwa baadaye, na spika ikatoa mlio. Mjomba alisimama na kikombe chake cha chai mlangoni, asiseme kitu. Halafu akachukua daftari na kuandika ukurasa mpya, jina langu juu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba shida hiyo ilikuwa imekwisha kutatuliwa. Kerneli 2.4, iliyotoka Januari 2001, iliuleta mnada ndani yake yenyewe, kazi ambayo Jaroslav Kysela aliiandika. Sasa draiva iliweza kusema: natafuta kadi yenye jina hili, iamshe unipe viti vyake. Hakuna faili, hakuna reli, hakuna kufika mapema. Kisha kerneli 2.6 ya Desemba 2003 ikaja na tabaka moja la PnP, lililoandikwa na Adam Belay, lililoweka chini ya paa moja vifaa vya ISA na vile vilivyotajwa na BIOS, na baadaye vile vya ACPI. Draiva haikulazimika tena kujali jina limesikika kwa njia gani. Imepewa jina, imepewa viti, ifanye kazi.

Mgeni nambari sifuri

Wakati huo ISA yenyewe ilikuwa inazeeka. Njia ya PCI, ambayo Intel iliitoa 1992, ilifanya kila kadi ibebe kurasa zake za utambulisho, baiti 256, ambazo kerneli huzisoma sloti kwa sloti. Mbili za kwanza ni namba ya mtengenezaji. Ya Intel ni 8086, jina la prosesa yao ya zamani. Wahandisi nao wana utani wao. Tena PCI iliruhusu kadi mbili kukaa waya mmoja wa kukatiza. Sambaza ikahalalishwa.

USB, iliyotoka Januari 1996, ilikwenda mbali zaidi, kwa sababu mgeni anaweza kuingia na kutoka mashine ikiwa inafanya kazi. Ukichomeka kifaa, kinaonyesha uwepo wake kwa kuinua umeme kwenye waya mmoja wa data. Kerneli inakiona, inakiwasha upya, na kwa muda huo kifaa kinajibu kwa anwani sifuri. Kila mgeni, awe kibodi au kamera, huanza akiwa sifuri. Kisha anapewa anwani yake, kati ya 1 na 127, na kuulizwa: wewe ni nani, mtengenezaji wako ni nani, unafanya kazi gani?

Jibu likishapatikana, kerneli ya Linux hutangaza. Tangazo hilo lina mstari mmoja wa majina na namba, na huko nje kuna programu iitwayo udev, iliyoanzishwa na Greg Kroah-Hartman mwaka 2003, inayolisikia. Kila moduli ya draiva imebeba orodha ya majina inayoyafahamu. Jina la mgeni likilingana na jina kwenye orodha, moduli inapakiwa. Yote haya hutokea kabla hujaondoa mkono kwenye flashi.

Kwa hivyo, msomaji, hakuna muujiza. Ni orodha. Kuna mtu, mahali fulani, aliyeandika jina la kifaa chako kwenye orodha. Asipoliandika, kifaa chako hakipo.

Kenya tuliligundua hilo kwa kishindo. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kutoka baharini, na miaka hiyo ndiyo tulijaa modemu za USB, vile vijiti vya intaneti. Nilikuwa chuo wakati huo. Niliweka akiba nikanunua kijiti, nikakichomeka kwenye laptopu yangu ya Linux, na mashine ikasema: umechomeka CD.

CD? Kumbe kijiti kilikuwa kinadanganya kwa nia njema. Ili kumwokoa mtumiaji wa Windows asitafute draiva, kilijitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya kusakinisha. Programu ikishakaa, ilikitumia kijiti amri ya siri, nacho kikajigeuza modemu. Linux ilimwamini mgeni kwa jina alilolitaja. Ilimpa draiva ya CD, ikaridhika.

Duka nililonunulia liliniambia kijiti ni kizima, ubaya ni wa mashine yangu. Nilirudi chumbani nikijua kwamba nina wiki moja ya kutuma kazi ya muhula na pesa zimekwisha. Kilichoniokoa ni programu ya Josua Dietze iitwayo usb_modeswitch: orodha ya vijiti vinavyodanganya, na amri ya kila kimoja. Kwenye orodha hiyo nilikuta namba za kijiti changu. Mtu ambaye sikumjua, ambaye pengine hajawahi kuiona Nairobi, alikuwa amepokea namba hizo na kuziweka mahali ninapoweza kuzikuta. Nilituma kazi yangu usiku ule.

Daftari liko kwa nani?

Hiyo ndiyo sababu nimekusumbua na historia ya viti na reli. Tulipokuwa na jampa, mashine ilikuwa ngumu lakini ufunguo ulikuwa Luthuli. Mama wa cyber alipanda ngazi, akamkuta mwenye daftari, akasaidiwa. Sasa mashine ni rahisi, na daftari liko ndani ya kerneli. Swali la nani anaandika humo limekuwa swali la nani atakayetumia kompyuta na nani atakayeitupa.

Daftari hilo lina kufutwa pia. Mwaka 2012 Linux iliondoa Micro Channel, ile njia ya IBM yenye lango, katika kerneli 3.5. Mwanzoni mwa 2013, kerneli 3.8 ikatoka bila msaada wa prosesa ya 386. Siwalaumu. Msimbo usio na mtu wa kuujaribu huoza, na anayeutunza hufanya hivyo kwa jasho lake. Lakini sisi ni watu wa mitumba. Printa iliyostaafu London inaanza kazi Eldoret. Kifaa ambacho kwa aliyekiandikia draiva ni kumbukumbu, kwetu ni mtaji wa mtu. Asipokuwepo mmoja wetu wa kusema "hiki bado tunakitumia, nami nitakijaribu", kitafutwa bila nia mbaya ya mtu yeyote.

Na wapo vifaa ambavyo watengenezaji wake huficha majina na amri, wakatoa draiva ya miaka mitatu halafu wakanyamaza. Hilo ndilo lango la 1987 likiwa limepakwa rangi mpya.

Tofauti ni kwamba daftari la kerneli liko wazi. Kuongeza jina la kifaa kwenye orodha ya draiva mara nyingi ni mstari mmoja: namba ya mtengenezaji, namba ya kifaa. Anayekuwa nacho mkononi ndiye anayezijua. Hauhitaji kuwa Helsinki.

Mjomba alifunga kibanda miaka mingi iliyopita. Anafuga kuku sasa, na simu yake ikimsumbua ananipigia mimi. Mwezi uliopita nilikuwa kwake, laptopu yangu mpya mapajani, nikamwonyesha kitu. Nilifungua folda ambamo kerneli huorodhesha vifaa vyake vya PnP, na humo, kwenye mashine isiyo na sloti hata moja ya ISA, kulikuwa na jina PNP0303. Ni kibodi. Chini yake PNP0B00, saa ya betri. Majina yale yale yaliyopangwa enzi za mnada wa kimya, bado yanaitwa kila mashine inapoamka.

Alivaa miwani, akasogea.

"Na saa imekalia ngapi?"

Nikaangalia. "Nane, mjomba."

"Nane," alisema, akavua miwani. "Hapo ndipo kwake."